Sheria ya Mwasampeta Kuhusu Utepe

Ipo nchi moja ambayo jina lake tungelitaja kwa raha zote, ila la zamani limepigwa marufuku tangu mwaka juzi, na jipya bado halijazinduliwa. Kwa hiyo wananchi wake wakiulizwa na wageni wanatoka wapi, wananyoosha midomo kuelekea nyumbani na mazungumzo yanaendelea.

Katika nchi hiyo kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Ukijenga, umejenga tu. Ukipaka rangi, umejichosha. Mpaka mkubwa aje na mkasi, akate utepe, asome hotuba, apigwe picha akiwa ameushika ule mkasi kama samaki aliyemvua mwenyewe, hapo ndipo kitu kinaruhusiwa kutumika. Kuna barabara ya lami huko kaskazini ilikamilika ikafungwa utepe pande zote mbili. Magari yakaendelea kupita shambani pembeni yake, na leo shamba limekuwa barabara na barabara imeota nyasi nzuri tu, mbuzi wanaisifia.

Na huko kusini, jimbo la Lutengele, kuna wodi ya wazazi. Nzuri, asikuambie mtu. Vitanda kumi na viwili vimefungwa nailoni, sinki zinang'aa, taa za kila namna. Mlangoni umekatiza utepe mwekundu, na utepe una mlinzi wake, Mzee Kasyupa, mwajiriwa wa serikali, ambaye kazi yake ni kuuangalia usiguswe na kuubadilisha kila Januari ukipauka. Wodi ilikamilika miaka mitatu iliyopita. Wanawake wa Lutengele wanajifungulia verandani mwake, kwenye sakafu, huku Sista Beatha, mkunga, akiwatia moyo na kuvitazama vitanda kupitia dirishani.

Mtu asidhani wakubwa walisahau. Wodi iko kwenye foleni, namba 4,318. Tatizo ni kwamba jengo la hadhi ile linazinduliwa na Mkuu mwenyewe, kwa mkasi wa taifa, nao mkasi wa taifa ni mmoja. Mkuu anazindua vitu vitatu kwa wiki, na wiki akiwa na mafua anazindua viwili.

*

Mbunge wa Lutengele, Mheshimiwa Ambakisye Mwasampeta, kabla hajapata balaa la kuchaguliwa alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku alipopewa ile namba alichukua kipande cha karatasi, akagawanya, akapata miaka ishirini na saba na ushee. Akarudia, maana mwalimu mzuri harukii jibu. Ikawa ileile.

Ndipo akapigiwa simu na mdogo wake, Tusekile.

"Kaka, Bunge lenu linakaa siku ngapi?"

"Tisini."

"Basi na mimi nimebakiza tisini. Kazi kwako, mwalimu."

Mtoto wa kwanza wa Tusekile alizaliwa verandani pale, masika ya mwaka juzi, mvua ikipiga upande upande. Aliishi siku mbili. Tangu hapo Tusekile hakuwa amezungumzia wodi wala veranda, na sasa alikuwa ameizungumzia kwa njia yake, kwa kuuliza ratiba ya Bunge.

"Huyu wa safari hii hazaliwi sakafuni," Mwasampeta alisema.

"Mimi sijasema kitu, kaka. Nimeuliza siku tu."

Akakaa chini siku ileile akaandika muswada. Ulikuwa na sentensi moja: kitu kilichokamilika kinaweza kutumika kabla ya kuzinduliwa. Akausoma, akaona umetosha, akaupeleka kwa Katibu wa Bunge.

Katibu alikuwa Bi. Zulfa, mama mtu mzima aliyehudumia maspika watano na kuzika watatu. Akavaa miwani, akausoma, akaigeuza karatasi kuangalia kama kuna zaidi nyuma.

"Mwanangu, huu una sentensi moja."

"Ndiyo, mama."

"Muswada wa sentensi moja watu watauelewa."

"Ndivyo ninavyotaka."

Bi. Zulfa alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayesema yeye mbona mzima. "Haya. Unahitaji saini thelathini za wabunge wenzako. Halafu kamati, halafu kusomwa, halafu kura. Na ukipita, ujue sheria yenyewe nayo itabidi izinduliwe."

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea. Sheria zenye adhabu zinaanza siku hiyohiyo, hazina foleni. Zenye ruhusa ndizo zinasubiri."

"Kwa nini?"

"Hilo," alisema Bi. Zulfa akivua miwani, "hakuna aliyewahi kuuliza, kwa hiyo jibu halijaandaliwa."

*

Saini thelathini si mchezo. Wa kwanza kufuatwa alikuwa Mheshimiwa Mgalula, jirani yake wa kiti, mbunge wa miaka mingi aliyekuwa akitafuna karanga vikao vyote na kuhifadhi maganda katika Katiba, ukurasa wa haki za raia, maana alisema ndio haufunguliwi mara kwa mara.

"Nikusainie, sawa," alisema Mgalula. "Na wewe unisainie wangu. Halafu siku ukisomwa usimame uunge mkono."

"Wako unahusu nini?"

Mgalula akaacha kutafuna. "Mwalimu, mimi nimekuuliza wako unahusu nini?"

"Hapana."

"Basi tuheshimiane."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote thelathini. Saini moja kwa saini moja, mkono mmoja kwa mkono mmoja. Na kwa kuwa Mwasampeta alikuwa na shida kuliko wote, akawa mbunge anayeunga mkono kuliko wote. Wiki ya pili aliunga mkono muswada wa kuongeza mito miwili kwenye kila kiti cha mbunge, mmoja wa mgongo na mmoja wa mawazo. Akaunga mkono muswada wa kuitaka mvua itoe taarifa ya siku saba kwa mkuu wa wilaya. Akaunga mkono Siku ya Kitaifa ya Kupongezana, na siku ya pili yake iwe mapumziko ya kupokea pongezi. Upo na wa kukataza kupiga miayo hotuba ya uzinduzi ikiendelea, huo akauunga mkono huku mwenyewe akijizuia kupiga mwayo. Mingine hakujua inahusu nini. Alisikia jina la mtu anayemdai mkono, akasimama.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa hesabu. Katika Bunge lile hakuna anayeunga mkono hivi hivi. Lazima utaje asilimia. Zamani watu walikuwa wakiunga mkono kwa asilimia mia moja na mambo yanakwisha. Kikao kile mbunge mmoja wa pwani akasimama akasema yeye anaunga mkono kwa asilimia mia mbili. Ukumbi ukapiga meza. Kesho yake mtu akaja na mia tano. Mwasampeta vidole vilikuwa vinamwasha kutafuta chaki. Kufikia wiki ya nne mbunge mmoja mzee, mwenye mazoea ya zamani, aliunga mkono kwa asilimia mia moja tu, akaitwa kwenye Kamati ya Maadili aeleze ana kinyongo gani.

Tusekile akapiga simu mchana mmoja, Bunge likiwa limeahirishwa kwa chakula.

"Kaka, nimekuona kwenye televisheni ya pale dukani kwa Mama Ndimbumi. Ulisimama. Tukanyamaza wote tukusikilize, lakini sauti ya pale mbovu. Ulisema nini?"

"Niliunga mkono mito ya viti."

"Mito ya viti."

"Kwa asilimia elfu moja na mia nne. Ni mkakati, mdogo wangu. Nao wataniunga mkono mimi."

"Sawa. Mimi miguu imevimba. Sista Beatha anasema mtoto mkubwa, na anasema safari hii angependa awe na kitanda na taa. Nikamwambia kaka yangu yuko kwenye mito."

*

Siku ya sabini na moja saini zilitimia. Muswada ukaenda kamatini, na kule kamatini ukakutana na Waziri wa Uzinduzi, Utepe na Mabango, Dakta Fulgence Kabyemera, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye mkasi mdogo wa dhahabu uliobanwa kwenye tai. Mwasampeta alijiandaa kwa mapambano. Waziri akamkumbatia.

"Ndugu Mwasampeta, muswada wako umenigusa," alisema. "Nimeusoma mara mbili, na kwa kuwa ni mfupi, bado nilipata muda wa kutafakari. Umeibua jambo zito. Nchi hii kwa muda mrefu imekuwa ikiuangalia utepe kama utepe. Wewe umetukumbusha kuwa kati ya mwananchi na maendeleo yake kuna kitu kimoja tu kimesimama, nacho ni utepe. Sasa kitu kinachosimama peke yake mahali pazito namna hiyo hakistahili ulinzi?"

"Mheshimiwa Waziri, mimi nilikuwa na maana kwamba watu wapite."

"Watapita. Nani amesema hawatapita? Tunachojadili ni heshima ya mahali watakapopitia."

Wajumbe wa kamati wakapiga meza. Mwenyekiti akatoa wazo kwamba, kwa kuwa kikao kinakaribia mwisho na miswada thelathini ya waheshimiwa waliotia saini bado inasubiri, na kwa kuwa waliotia saini ni walewale, basi yote iunganishwe na wa Mwasampeta uwe mmoja, ili kuokoa muda. Mwasampeta akataka kusema kitu. Mgalula akamvuta koti.

"Kaa chini, mwalimu. Ukiunganishwa unapita. Wangu umekwama miaka sita, unahusu mbolea. Sasa utapita kwa mgongo wako."

"Na sentensi yangu?"

"Ipo. Wewe ndiye mwenye muswada, watakutoa wapi?"

Mwasampeta akahesabu siku. Zilibaki kumi na tisa kwa Bunge, na kwa Tusekile pengine pungufu ya hapo, maana mtoto hafuati kanuni za kudumu. Akakaa chini.

*

Siku ya kusomwa mara ya mwisho, nakala za muswada zilikuwa zimepangwa mezani mbele ya Spika, zimefunikwa kitambaa cha buluu chenye pindo za fedha. Mwasampeta akaenda kuomba moja asome.

"Zitazinduliwa kura ikishapigwa," alisema mhudumu kwa adabu.

"Mimi ndiye mwenye muswada."

"Hongera sana, Mheshimiwa."

Akapewa dakika tano za kuzungumza. Kanuni ya Bunge lile iko wazi: mwenye hoja anaanza kwa kutaja asilimia anayoungia mkono, halafu anashukuru kwa mpangilio uliobandikwa ukutani, halafu ndipo anasema alichonacho. Mwasampeta alikuwa amejipima nyumbani kwa saa. Alijua shukrani zikienda mbio zinakula dakika nne, anabaki na moja, na sentensi yake inahitaji sekunde sita.

Akasimama. Akaunga mkono muswada wake mwenyewe kwa asilimia elfu kumi, akiomba radhi moyoni kwa wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akamshukuru Mkuu, akamshukuru mama yake Mkuu, akamshukuru Spika, Naibu Spika, na kiti wanachokalia kwa zamu. Akamshukuru Waziri. Akaushukuru mkasi wa taifa. Dakika ya tatu na nusu, mwendo mzuri. Akawashukuru wapiga kura wa Lutengele, na hapo ndipo alipoharibu. Badala ya kuwashukuru kwa jumla kama inavyotakiwa, akasema, "na kwa namna ya pekee wanawake wanaojifungulia," sauti ikakwama, akatafuta maji, glasi ikiwa tupu, akarudi kwenye kipaza sauti.

Kengele ikagonga.

"Ahsante sana Mheshimiwa, muda wako umekwisha," alisema Spika. "Umezungumza kwa hisia. Kumbukumbu Rasmi zionyeshe kwamba mtoa hoja alilia kwa furaha."

(Makofi.)

"Sasa nitawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ukumbi ukatikisika. Mwasampeta alijikuta mdomo wake nao umesema ndiyo, kwa mazoea ya siku themanini na tano.

"Wasioafiki waseme siyo."

Mheshimiwa Mgalula alipasua karanga moja. Ikasikika mpaka kwa waandishi wa habari.

"Walioafiki wameshinda."

Kitambaa kikavutwa. Nakala zikagawiwa. Mwasampeta akatoka na yake koridoni akasoma akiwa amesimama. Jalada lilisema Sheria ya Mwasampeta. Kifungu cha kwanza kilieleza heshima ya utepe. Cha pili kilisema yeyote atakayepita, atakayepitishwa au kupitisha chochote chini, juu au kando ya utepe usiokatwa ametenda kosa, kifungo miezi sita. Halafu ikaja mvua, mito, miayo, mbolea. Sentensi yake aliikuta mwishoni, kifungu cha thelathini na moja, wakiwa wameiongezea mkia wa adabu: kitu kilichokamilika kinaweza kutumika kabla ya kuzinduliwa, pale Waziri atakapoona inafaa, baada ya kifungu hiki kuzinduliwa.

Bi. Zulfa alikuwa anapita na mafaili.

"Mama," alisema Mwasampeta, "hiki cha pili kinaanza lini?"

"Kina adhabu," alisema Bi. Zulfa. "Kimeanza walipopiga meza."

"Na cha thelathini na moja?"

Bi. Zulfa akamshika bega. "Pole, mwanangu. Wabunge wengi wanaondoka hapa bila sheria hata moja yenye jina lao."

*

Siku ya themanini na nane Mwasampeta alikuwa katika mstari wa kupokea cheti cha Mbunge Aliyeunga Mkono Kuliko Wote, alipopigiwa simu na Sista Beatha. Aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, akatoka kwenye mstari, akapanda basi la kwanza la kusini. Cheti walimpa Mgalula amfikishie, na inasemekana kina maganda.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Uchungu wa Tusekile ulianza asubuhi, mvua ikiwa imeshapiga hodi bila kutoa taarifa ya siku saba. Kufika saa sita maji yalikuwa yanapita verandani kama mfereji. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sista Beatha akamtazama Tusekile, akatazama vitanda dirishani, akamtazama Mzee Kasyupa.

"Mzee wangu, geuka kidogo uangalie mlima."

"Siwezi, Sista. Nikigeuka, utepe hauna mtu."

"Basi usigeuke. Tazama tu."

Akaunyanyua utepe kwa mkono mmoja, hakuukata, akampitisha Tusekile chini yake. Akajifungua kitanda namba nne, juu ya nailoni, taa zote zikiwaka kwa mara ya kwanza. Mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu, sauti ya mtu aliyekuja na malalamiko. Mzee Kasyupa aliandika taarifa huku analia, lakini aliiandika, kwa sababu yeye ni mwajiriwa. Sista Beatha akahamishiwa siku ileile kituo kingine, ambako nako kuna wodi nzuri, imefungwa utepe. Na Tusekile, alipoweza kusimama, akachukuliwa.

Kituo cha polisi cha Lutengele kinatazamana na zahanati yenye ile wodi, barabara tu katikati. Mwasampeta alimkuta mdogo wake kwenye benchi la verandani, mtoto kifuani, na Koplo Nyamhanga pembeni yake akimpepea mtoto kwa jalada la faili.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Koplo akisimama. "Karibu. Sheria yako imetusaidia sana. Zamani tulikuwa tunawaambia watu wasipite, lakini tunaona aibu, hatuna cha kuwaonyesha. Sasa tunawaonyesha jina lako."

"Mwachie, Koplo."

"Nashindwa, Mheshimiwa. Ili nimwachie lazima kwanza awe amefungwa." Akaonyesha mlango nyuma yake. Mahabusu mpya, chuma kipya, rangi mpya, na utepe mwekundu umekatiza. "Hii bado haijazinduliwa. Nikimwingiza humo, na mimi nitakuwa nimepita. Kwa hiyo yupo hapa anasubiri."

"Anasubiri mpaka lini?"

"Namba yetu ni 4,902."

Mwasampeta akaketi kwenye benchi. Mikono haikujua pa kukaa. Alitoa Sheria ya Mwasampeta mfukoni, akaikunja, akairudisha. Ng'ambo ya barabara wodi ilikuwa imezimwa taa, walinzi sasa wawili, na utepe umefungwa mara mbili.

"Mdogo wangu," alisema, "mwakani nitapeleka muswada mwingine. Wa kufuta huu."

"Kaka."

"Nimeshajua njia zao sasa. Nitaanza kutafuta saini mapema."

"Kaka, nakuomba kwa heshima zote. Mshike huyu, mikono yangu imechoka."

Akampokea. Alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, na moto. Mtoto akafumbua jicho moja, akamtazama mjomba wake, akalifumba. Mwasampeta akaangalia vidole vya mtoto, akavihesabu, kumi, akahesabu tena.

Ndipo bodaboda ikasimama mbele ya kituo. Nyuma ya dereva alikaa msichana wa miaka kama ishirini, kanga mbili, mkono mmoja kiunoni, mwingine umembana dereva bega mpaka anakunja uso. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika upya juu ya mlima.

"Samahanini," alisema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Tumetoka Ilolo huko juu. Tumesikia hapa kuna wodi ya wazazi. Imefunguliwa?"

Koplo akamtazama Mheshimiwa. Dereva akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe hapakuwa na kengele, hapakuwa na mtu wa kumshukuru kwanza, alikuwa na muda wote duniani.

"Nendeni verandani," alisema. "Upande wa kushoto. Kule mvua haipigi sana."

Tusekile aliinuka kidogo kwenye benchi, akamshika yule msichana mkono.

"Kulia, mwanangu," alisema. "Kushoto kunavuja."